Mpima Macho Akikataa Kukuuzia Miwani, Mshukuru

Maduka mengi ya miwani hupima macho bure. Sasa anayekupima analipwa na nini? Analipwa na fremu na lenzi utakazonunua. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho na miwani, nimekaa upande huo wa meza kwa miaka mingi, na naijua presha ya "leo umeuza ngapi?"

Aliwahi kuja mama mmoja fundi cherehani, akilalamika kwamba miwani aliyotengenezewa karibuni haimsaidii tena. Kumpima, kweli namba za lenzi anazohitaji zimeruka mno. Nikamuuliza habari za sukari. Ilikuwa juu. Sukari ikipanda, lenzi ya ndani ya jicho huvimba na namba hubadilika. Ikishuka, hubadilika tena. Ningemwandikia miwani siku ile, angerudi na malalamiko yaleyale.

"Mama, leo sikuuzii. Nenda kliniki kwanza, sukari ikitulia wiki kadhaa urudi."

"Na nguo za watu nitashonaje, mwanangu?"

Nikamwazima miwani ya kusomea, nikamwandikia na rufaa ya kuchunguzwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa sababu mwenye kisukari anatakiwa kuchunguzwa walau mara moja kwa mwaka hata kama anaona vizuri. Bosi alinuna. Anune tu.

Kusoma herufi za ukutani si uchunguzi wa macho. Presha ya macho (glakoma) mara nyingi haiumi, huanza kula pembeni mwa uoni, na kilichopotea hakirudi. Ukifika miaka 40, au kama mzazi au ndugu yako anayo, mwambie anayekupima apime presha na aangalie mshipa wa fahamu wa jicho. Akiona kinachomzidi, wajibu wake ni kukupeleka kwa daktari bingwa wa macho, si kukuongezea namba.

Lenzi za kuzuia mwanga wa kompyuta nazo huuzwa kama dawa. Uchambuzi wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, uliona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi kuliko lenzi za kawaida. Ukizipenda, nunua, ila usitishwe.

Halafu omba karatasi yako ya vipimo, yenye umbali kati ya mboni, uondoke nayo. Akikuzungusha, muulize leseni: hapa Tanzania tuna Sheria ya Optometria ya 2007 na baraza linalosajili wataalamu. Aliyesajiliwa haoni taabu kuionyesha.