Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

SWALI: Habari dada. Mie ni mama wa miaka 54, kwetu Moshi ila naishi Uingereza. Mwakani nataka kutembea ile njia ya mahujaji ya Mtakatifu Yakobo kule Hispania, sasa wenzangu parokiani wananitisha na milima ya Pyrenees. Nitaweza kweli? Na begi nibebe kilo ngapi?

JIBU: Shikamoo mama. Mtu wa Moshi unatishwa na mlima jamani! Siku ya kwanza, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa mpaka Roncesvalles, ni kama kilomita 25 na unapanda zaidi ya mita 1,200, inachosha sikatai, ila unapanda pole pole, unakaa, unakunywa maji, unaendelea, na ukiona ndefu kuna pa kulala Orisson baada ya kilomita 8 hivi, ila buking mapema. Usiende tu kati ya Novemba na Machi, njia ya juu inafungwa.

Mi kilichonitoa machozi ni kushuka. Pale juu kabisa, Lepoeder, kuna njia mbili, moja inatumbukia msituni moja kwa moja na wote tuliokuwa na haraka tukaifuata, magoti yakanitetemeka mpaka usiku. Wewe shika ile ya kulia ya kupitia Ibañeta, inazunguka lakini imelala vizuri. Mbele huko ukivuka Pamplona kuna Alto del Perdón, mteremko wake mawe matupu yanayoteleza, halafu kuna ule wa kwenda Molinaseca unaoshuka kama mita 900. Kwa hiyo fimbo mbili ni lazima, na viatu uwe umeshavivaa miezi, la sivyo malengelenge.

Begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, ukiwa na kilo 70 basi 7, na maji humo humo.

Njia nzima mpaka Santiago de Compostela, lilipo kaburi la Mtakatifu Yakobo, ni kama kilomita 780, wiki tano hivi. Kama kazini hawakupi likizo hiyo anzia mji wa Sarria huko karibu na mwisho, wengi ndo wanaanzia hapo, maana cheti cha hija kinataka kilomita 100 za mwisho kwa miguu na mihuri unayogongewa njiani.

Na lile jiwe ambalo mahujaji hutoka nalo nyumbani kuliacha kwenye msalaba wa chuma wa njiani, Cruz de Ferro, chukua dogo mama. Kuna baba nilimkuta kabeba la ukubwa wa embe, wiki ya pili akalitupa.