TV ya kichogo iwe skrini ya gemu za kompyuta

Kabla hujailipia wala kuibeba TV, igeuze uangalie matundu yake. Unatafuta la manjano la picha, na jeupe na jekundu za sauti. Wakati mwingine yamefichwa mbele, chini ya kifuniko kidogo. Yenye tundu la antena tu itakusumbua, labda uwe na deki ya zamani ya kanda ya kupitishia picha.

Kompyuta yenye tundu la HDMI inahitaji konvata, yaani kisanduku cha kugeuza picha yake iingie kwenye matundu hayo matatu (AV), na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Madukani Kampala utakuta visanduku viwili vinavyofanana kama mapacha, lakini kimoja hufanya kazi kinyume. Chukua kilichoandikwa HDMI2AV, si AV2HDMI. Waya wake mdogo wa USB uchomeke, maana umeme ukipungua picha hukatika-katika.

Ubavuni mwa konvata kuna swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za TV. TV za Uganda ni za PAL: mistari 625, picha mara 50 kwa sekunde. Anzia hapo. Picha ikija bila rangi, au ikawa inapanda juu bila kutulia, geuza swichi. Hata PAL ikikubali, jaribu NTSC pia. TV nyingi za kichogo za miaka ya mwisho kutengenezwa hupokea zote mbili, na gemu za zamani za Japani na Marekani zilitengenezwa kwa mwendo wa NTSC, mara 60 kwa sekunde. Kwenye 50, mchezaji akikimbia utamwona anashtukashtuka kila mara.

Kasoro nyingine ni watu kuwa wembamba. Konvata huchukua picha pana ya 16:9 na kuibana iingie kwenye kioo cha 4:3. Dawa yake: ndani ya emuleta (programu inayochezesha gemu za mashine za zamani), nyoosha gemu ijaze skrini yote. Itanenepa kwenye kompyuta, konvata itaibana, na kwenye TV itatokea sawasawa. Maandishi madogo hayatasomeka kabisa na kingo zitakatwa, kwa hiyo fungulia gemu kwenye monita ya kawaida kwanza.

Raspberry Pi 3 au 4, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, haitaki konvata. Tundu lake la sauti hutoa picha pia. Kwenye mifumo ya Pi ya zamani kidogo (mipya ina maagizo tofauti), ndani ya faili ya mipangilio config.txt andika sdtv_mode=2 kwa PAL, na kwa Pi 4 ongeza enable_tvout=1. Waya wa kamera ya video huingia, ila mpangilio wake ni tofauti: picha isipotokea, chomeka plagi nyekundu kwenye tundu la manjano.

Kifuniko cha nyuma usikifungue, tafadhali. Ndani kuna volti zaidi ya 20,000, na kioo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Likiharibika jambo, mpelekee fundi aliyezoea TV hizi, Katwe, Kampala, hawakosekani.

Ukiona doa la kijani au zambarau pembeni, sogeza spika mbali, kwani sumaku yake ndiyo inayovuta rangi. Zima TV nusu saa kisha iwashe. Ule mvumo mfupi unaousikia ikiwaka ni koili inayoondoa usumaku. Doa sugu huhitaji kurudia mara mbili tatu.