Mkalimani Aliyegeuka Balozi

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1731 Urusi ilimtuma mkalimani kwa Wakazakhi. Je, kazi yake ilikuwa kufasiri maneno ya wakubwa tu, au alikuwa na mamlaka yake mwenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mkalimani huyo, Mtatari Mwislamu aliyeitwa Kutlu-Muhammad Tevkelev, alikwenda akiwa balozi kamili. Kabla ya hapo alikuwa amefuatana na Peter Mkuu, mtawala wa Urusi, katika vita vya Uajemi vya mwaka 1722, akiwa mkalimani wa mambo ya siri.

Abulkhair, Khan (mtawala) wa Zhuz Ndogo, mojawapo ya makundi matatu makuu ya Wakazakhi, alikuwa ameandamwa na Wadzungari, taifa la Kimongolia, kutoka mashariki huku akigombana na Wabashkiri, raia wa Urusi. Kwa hiyo mwaka 1730 alipeleka wajumbe kwa Malkia Anna wa Urusi kuomba himaya. Tevkelev alipofika nyikani mwezi Oktoba mwaka uliofuata, aligundua kwamba wazee wengi hawakuwa wameshauriwa, nao walidai kuwa walichokitaka ni amani, si kuwa raia wa mtu. Wengine walitaka auawe. Hapo ndipo ukalimani ulipokuwa siasa: aliweza kuzungumza nao bila mtu wa kati, akaomba msaada wa shujaa mashuhuri Bukenbay, akagawa zawadi, na tarehe 10 Oktoba Khan pamoja na baadhi ya wakuu wakashika Msahafu na kuapa utii kwa Urusi. Hata hivyo upinzani haukuisha, na Tevkelev alibaki huko hadi mwishoni mwa mwaka 1732, akiandika shajara ambayo mpaka leo ni hazina kwa wanahistoria.

Je, pande mbili zilielewa kiapo kwa namna moja? Kwa maoni yetu, hapana. Serikali ya Urusi ilihesabu kwamba imepata raia wapya, ilhali kwa Khan kiapo kilikuwa mapatano na mwenye nguvu, yanayoweza kulegezwa hali ikibadilika. (Neno letu “himaya” nalo hubeba maana zote mbili, ya kulinda na ya kutawala.)

Hata hivyo, Tevkelev asichukuliwe kuwa mpatanishi tu. Wabashkiri walipoasi mwaka 1735, Tevkelev huyo huyo aliongoza askari walioteketeza vijiji vya Waislamu.