Mhusika wa filamu yangu ananiita mwanangu: je, nimeinunua hadithi yake?

SWALI: Shikamoo. Natengeneza filamu yangu ya kwanza ndefu ya makala, kuhusu mama mmoja mkulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Huu ni mwaka wa pili namfuata na kamera. Ananiita mwanangu, na nikifika kwake siondoki bila kula. Karibuni mjukuu wake alilazwa, akaniomba pesa ya dawa, nikampa. Mwenzangu anayerekodi sauti anasema hapo nimenunua hadithi. La pili: siku moja akichambua mwani alifunguka kuhusu shemeji yake aliyechukua minazi ya marehemu mumewe. Ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote, na sasa anataka nikitoe. Fomu ya ridhaa alisaini siku ya kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza, ya wafadhili wa nje, nikamweleza kwa mdomo. Je, naruhusiwa kukitumia?

JIBU: Marahaba. Nianze na fomu, maana naona ndiyo inayokupa ujasiri. Fomu za namna hiyo huandikwa na wanasheria ili kituo au kampuni isije kushitakiwa. Soma tena kifungu cha haki. Bila shaka kinasema sura na sauti yake vitatumika milele, kwa njia zilizopo na zitakazobuniwa, katika ulimwengu mzima. Si dunia, ulimwengu. Anayetarajia kuuza filamu ya mwani kwenye sayari ya Mirihi simjui. Sasa tafuta mstari unaosema mama afanye nini akibadili mawazo. Kwa kawaida haumo.

Halafu, siku aliposaini, kisa cha minazi kilikuwa hakijasemwa. Aliridhia kupigwa picha akifunga mbegu kwenye kamba na kuanika mwani uwanjani. Hakuridhia kumshitaki shemeji yake mbele ya kila mwenye simu. Kwa hiyo, mwanasheria wa wafadhili huenda akakwambia ruksa. Mimi kama mtayarishaji nakwambia kitoe.

Sababu yenyewe ni huko kuitwa mwanangu. Umekula kwake, umelala kwao, umemuuguza mjukuu. Mama wa pwani wa rika hilo hamkatalii usoni kijana aliyemfanya mwanawe. Atakwambia "haya mwanangu, Mungu akubariki", kumbe moyoni ameumia. Kama amefikia kukuomba waziwazi utoe kitu, jua ameshakosa usingizi kwa ajili yake. Na sisi watu wa filamu tunajisifia mno hii mbinu ya kuzoeana mpaka kamera isahaulike. Ndiyo iliyomtoa maneno ambayo asingempa mwandishi wa habari aliyekuja kwa siku moja. Kadiri anavyokuamini ndivyo anavyozidi kushindwa kukukatalia, kwa hiyo kumtengenezea njia ya kukataa ni kazi yako wewe.

Usidhani kumfifisha sura au kubadili sauti kutasaidia. Kijijini kwake watamjua kwa mwendo, kwa kanga, kwa ukuta wa nyumba. Na shemeji naye ni mtu: ametuhumiwa, hajaulizwa, hajasaini chochote. Ungetaka kweli kuiweka tuhuma ile, ingekubidi uende ukamsikilize na yeye, na hapo ugomvi wa familia umeshaupeleka wewe kwa miguu yako. Kinachobaki salama ni wewe kueleza, mama akikubali, kwamba baada ya kufiwa alianza kutegemea mwani peke yake. Hadithi inasimama bila shemeji.

Watu wengi hukadiria vibaya nani atakayelipa gharama ya filamu. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ilitoka 2004, ikazunguka matamasha na kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, yakafanyika maandamano Mwanza, na mwandishi wa habari wa huko aliyehojiwa ndani yake akakamatwa. Unaweza kuipenda filamu ile au kuichukia, lakini mwongozaji wakati huo alikuwa Ulaya, na waliobaki Mwanza walibaki Mwanza. Kwako wewe hasira haitatoka Ikulu. Itatoka nyumba ya tatu kutoka kwake, na wewe utakuwa umesharudi mjini.

Lakini usiondoke hapa ukidhani kila mhusika akisema toa, unatoa. Akikuomba uondoe picha kwa kuwa alivaa kanga iliyochanika, zungumzeni. Mwenyekiti wa ushirika akitaka ufute maswali kuhusu fedha za wanachama, mkatalie, mradi umempa nafasi ya kujibu. Mwenye madaraka ana njia nyingine za kujitetea. Mama yako hana.

Kuhusu pesa, mwenzako wa sauti ana hoja, ila ameielekeza pasipo. Kununua hadithi ni kusema "lia nikupe" au "rudia ile ya minazi nikuongeze". Dawa ya mtoto siyo hiyo. Watengenezaji wa filamu ya makala Hoop Dreams (1994), waliofuata familia mbili za Chicago kwa miaka kama mitano, walikuta umeme wa familia moja umekatwa. Walipiga picha lile giza, kisha wakasaidia kulipa deni. Sioni mtu mzima angefanya nini kingine. Kosa lingekuwa pale kwenye uhariri. Filamu yako ikionyesha jinsi mama alivyohangaika mpaka majirani wakachanga, nawe ndiye uliyetoa sehemu kubwa, basi umedanganya. Ama useme, hata kwa sentensi moja ya sauti yako, ama usiitumie safari ya hospitali kabisa. Msaada wenyewe usiupige picha.

Malipo ambayo pengine hujayafikiria ni ya muda. Mwani unafanyiwa kazi maji yakitoka sana, yale ya bamvu. Siku hizo zikipita, mpaka bamvu lijalo. Kila ulipombakisha ufukweni arudie kutembea kwa ajili ya picha yako nzuri ya macheo, umemla kipato. Weka fungu la fidia kwenye bajeti, liandikwe, lilipwe sawa iwe alisema jambo zito au alikaa kimya. Wafadhili wengi wanalielewa fungu hilo likielezwa hivyo.

Kabla hujafunga picha, yaani kabla uhariri haujakamilika, mwonyeshe filamu. Usimtumie kiungo cha kufungua kwenye simu ya mjukuu. Nenda na kompyuta. Aangalie kwanza peke yake au na mtu anayemchagua mwenyewe, siyo mbele ya sheha wala majirani. Ukae kimya, usimfafanulie ulichokusudia. Na usipokee jibu siku hiyohiyo, maana litakuwa "nzuri mwanangu". Mtafute mwanamke anayemwamini, nje ya timu yako, amuulize kesho yake: kuna kinachokukera? Kuna anayeweza kukudhuru? Mwambie mapema mipaka ya anachoweza kubadili. Mimi huwapa wahusika neno la mwisho kwenye mambo mawili, usalama na ukweli wa jambo linalowahusu. Mengine wanashauri, naamua.

Mjukuu je? Bibi au mzazi anaweza kumsainia, ila atakuja kuwa kijana mwenye simu yake. Picha za wodini ziache.

Mapato nayo yaandikwe sasa, wakati bado hakuna. Mwalimu wa shule ya kijijini aliyekuwa mhusika mkuu wa Être et avoir ya Ufaransa (2002) alifika mahakamani kudai euro 250,000 baada ya filamu kuvuta watu zaidi ya milioni 1 kwenye sinema. Alishindwa. Kisheria sawa, lakini uhusiano wake na mwongozaji uliishia kwa mawakili. Tazama pia Thank You for the Rain (2017): Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norway, akapiga maisha yake mwenyewe, na jina lake limo kama mwongozaji mwenza. Sikushauri umwige Dahr kama pambo, kwa kuwa mama yako hajashika kamera. Asilimia fulani ya mauzo, hata ndogo, inatosha.

Wapigie wafadhili wiki hii, kabla hujaenda kumwonyesha, uwaambie kipande cha minazi kinatoka na kwamba unaongeza hatua ya mhusika kuangalia. Wakitishia mkataba, waombe kwa maandishi wanachodai. Mara nyingi hapo sauti hushuka. Kisha fomu mpya, ya Kiswahili, ukurasa mmoja, yenye tarehe ya siku atakayokuwa ameiona filamu, nakala moja ibaki kwake.