Hemu ya Krismasi: rojo la asali lipakwe mwishoni

Msomaji ameniuliza kwa nini hemu yake ya Krismasi ilitoka nyeusi juu na kavu ndani, ilhali alifuata saa zilizoandikwa kwenye pakiti na kuipaka asali tangu ilipoingia kwenye oveni. Kosa liko hapohapo kwenye hilo "tangu". Asali na sukari haziwezi kuvumilia oveni kwa saa tatu. Nyama ipashwe kwanza, polepole, ikiwa imefunikwa. Utamu uje nusu saa ya mwisho. Mapishi yanayokwambia upake kila baada ya dakika 15 tangu mwanzo yaache, kwa sababu licha ya kuunguza sukari, kila unapofungua mlango wa oveni joto linatoka na muda wako wote unavurugika.

Lakini kabla ya kuwasha oveni, soma lebo. Hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililokolezwa kwa chumvi, na mara nyingi likafukizwa moshi. Kuna iliyokwisha kupikwa kiwandani, ambayo kazi yako ni kuipasha tu, na kuna mbichi, ambayo lazima uipike mwenyewe. Usitegemee macho kuzitofautisha: naitraiti, yaani chumvi ya kuhifadhia nyama iliyotumika kuikoleza, huifanya nyama ibaki na rangi ya waridi hata ikiwa imeiva kabisa. Mbichi iloweke usiku kucha kwenye maji baridi, ndani ya friji, ili chumvi ipungue. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine, uichemshe kwa moto mdogo, maji yakitikisika tu bila kufurukuta, kadiri ya dakika 45 kwa kila kilo. Ndani ifike angalau nyuzi 63 (nyuzi zote hapa ni za Selsiasi) kisha itulie dakika 3. Mimi napendekeza uifikishe 68 au 70, nyama inalainika zaidi. Baada ya hapo inaingia kwenye oveni kwa ajili ya rojo tu.

Kuanzia hapa nazungumzia ile iliyokwisha kupikwa, yenye mfupa, ya kilo 5. Ukikadiria gramu 350 hadi 400 kwa kila mtu, pamoja na mfupa, inatosha watu 12 hadi 14 bila mtu kuhesabiwa vipande. Kama imeganda, iache iyeyuke ndani ya friji siku mbili na nusu kamili. Katikati ikibaki na barafu, nje itakauka wakati ndani bado ni baridi, na hakuna rojo litakaloficha hilo.

Washa oveni nyuzi 160. Laza hemu kwenye trei yenye kina, upande uliokatwa ukitazama chini, kwa sababu huko ndiko maji ya nyama hutokea kwa wingi. Mimina chini yake maji kama mililita 350, funika trei nzima kwa karatasi ya foili na ubane kingo zote. Mvuke huo ndio kinga yako. Hesabu dakika 35 hadi 40 kwa kilo, ukijumlisha na muda wa rojo, ila usiiamini saa peke yake. Nunua kipimajoto cha nyama. Kichome mpaka katikati ya sehemu nene kuliko zote bila kugusa mfupa, maana ukigusa mfupa kipimo kitakudanganya. Kikisoma nyuzi 50, ondoa foili. Kumi zilizobaki itazipata wakati wa kupakwa rojo, na 60 ndilo lengo kwa hemu iliyopikwa na kufungwa kiwandani. Kama ilifungwa upya dukani au haijulikani ilikofungiwa, ifikishe 74. Ile inayouzwa ikiwa imeshakatwa vipande kuzunguka mfupa hukauka haraka kuliko nyingine zote: anza kuipima mapema, na uipake rojo kidogo tu.

Sasa ngozi, kama bado ipo. Ikiwa ya moto inatoka vizuri, ikiwa baridi utapigana nayo. Anza upande mpana. Ingiza ncha ya kisu chini ya ngozi, inua ukingo, halafu weka kisu kando na utumie vidole, ukiwa umeshika taulo safi kwa sababu ya joto. Sukuma vidole kati ya ngozi na mafuta huku mkono mwingine ukivuta. Ikitoka ipasavyo, ngozi hujikunja nzimanzima na kuacha chini yake tabaka jeupe la mafuta. Tabaka likizidi sentimita moja, punguza, ila usilikwangue lote. Bila mafuta rojo halina pa kushika, na nyama ya chini inaungua.

Chanja mafuta hayo mistari ya mshazari, umbali wa sentimita 2 au 3, kisha mingine ikiikata ile ya kwanza ili upate maumbo ya almasi. Kina kiwe nusu sentimita. Hapa wengi hukosea kwa kukandamiza kisu mpaka nyama ionekane. Mafuta husinyaa kwenye joto, na yakiwa yamekatwa mpaka chini, kila almasi hujinyanyua pembe zake na kubanduka, rojo likishuka nayo kwenye trei. Karafuu zichomeke, lakini acha almasi moja kila baada ya moja. Karafuu ni kiungo chenye nguvu, ukijaza kila pembe hutaonja kingine.

Kisha kausha mafuta. Chukua karatasi za jikoni, kandamiza taratibu juu ya uso wote mpaka usione tena vitone. Dakika moja hii watu huiruka, halafu wanashangaa kwa nini rojo limeteleza lote. Rojo halikai juu ya uso uliolowa maji na mafuta yaliyoyeyuka. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono kubandika vipande vya nanasi juu ya hemu: vinatoa maji, chini yake panabaki peupe, na vingi vinaanguka. Nanasi lipange kwenye sahani, pembeni.

Rojo lenyewe: sukari ya kahawia gramu 200, asali vijiko vikubwa 4, haradali iliyosagwa vijiko vikubwa 2, siki ya tufaha vijiko vikubwa 2, juisi ya chungwa mililita 100, mdalasini kidogo. Usitie chumvi hata punje. Siki na haradali si mapambo, ndizo zinazozuia utamu usikinaishe juu ya nyama yenye chumvi. Pika kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, mpaka rojo lishike mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole ibaki njia isiyofungika. Litazidi kuwa zito likipoa, kwa hiyo likianza kuvutika kama gundi, ongeza kijiko cha juisi. Na usilizimue kwa mchuzi wa kwenye trei, huo umejaa chumvi ya hemu.

Pandisha oveni iwe nyuzi 200. Hakikisha chini ya trei bado kuna maji kimo cha kidole, kwa sababu tone la sukari linalodondokea bati kavu huungua papo hapo na moshi wake mchungu hurudi kwenye nyama. Paka theluthi ya rojo, rudisha bila kufunika. Baada ya dakika 10 paka theluthi ya pili, baada ya 10 nyingine ya mwisho, kisha dakika 10 za kumalizia. Usiondoke jikoni. Angalia mapovu: yakiwa makubwa na mazito, rangi ya kaharabu, mambo ni mazuri. Yakigeuka madogo ya haraka kwenye kingo na harufu ikaanza kuwa na uchungu, sukari inaungua. Asali hutangulia, kwa kuwa fruktosi, aina ya sukari iliyomo, huanza kubadilika kwenye joto dogo kuliko sukari ya kawaida. Upande mmoja ukitangulia kuiva rangi, geuza trei na ufunike upande huo tu kwa kipande cha foili. Penye weusi, kwangua kwa mgongo wa kisu ikiwa bado ya moto, halafu paka upya.

Kwa chakula cha saa 7 mchana, hemu iingie kwenye oveni saa 3 asubuhi. Foili itoke karibu saa 6 kasoro robo, rojo lianze saa 6, na itoke saa 6 na nusu. Iache itulie dakika 20 bila kuifunika, maana mvuke ukinaswa chini ya foili rojo lililokauka na kung'aa linalainika na kunata. Toa karafuu. Kata vipande vichache upande mwembamba ili ikae bila kuyumba, isimamishe juu ya ubapa huo, kata vipande vyembamba kushuka mpaka kwenye mfupa, kisha pitisha kisu kuambaa na mfupa viachie vyote kwa pamoja.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Ukigandisha, mwezi mmoja au miwili, zaidi ya hapo ladha inaharibika. Mfupa usitupwe: uchemshe pamoja na maharage mpaka nyama iliyobaki iachie, na usitie chumvi kabla ya kuonja.