Zile picha za chokoleti ya moto na pipi za bakora

Kila Desemba zikifika picha za vikombe vya chokoleti ya moto, kila kimoja kimechomekwa pipi ya mistari myekundu na myeupe, ninyi mlio nyumbani mnatuuliza: ndizo raha zenyewe za ughaibuni? Jibu la kweli ni kwamba ni njia ya kuwashughulisha watoto ndani ya nyumba. Hapa Minneapolis, Marekani, mwezi huo jua linazama saa kumi na nusu jioni, shule zimefungwa kama wiki mbili, na baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri mtoto hakai nje zaidi ya dakika chache. Gharama yake ni ndogo. Pipi hizo za mnanaa, zenye umbo la bakora, huuzwa pakiti ya 12, na Krismasi ikishapita bei hushuka sana.

Bakora hizo huchovywa kwenye chokoleti, kisha hutumika kukorogea maziwa ya moto. Kwa bakora 12 tafuta gramu 200 za chokoleti nyeusi. Katakata, weka theluthi mbili kwenye kikombe kirefu chembamba (bakuli pana litakudai chokoleti maradufu ili pipi izame), kisha pasha kwenye maikrowevu kwa nusu ya nguvu yake, sekunde 30 kwa awamu. Koroga kila mara hata kama vipande vinaonekana bado vizima, maana chokoleti huweza kuwa laini ndani na bado ikashika umbo lake. Ikibaki na mabonge machache, toa, tia ile theluthi iliyobaki, koroga mpaka iyeyuke kwa joto lililopo. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanashangaa chokoleti haigandi vizuri au kesho yake ina madoa meupe. Madoa hayo hayana madhara, ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, ila sura inaharibika.

Adui mkubwa ni maji. Tone moja likiingia, sukari na unga wa kakao vinashikana, chokoleti inakuwa nzito kama udongo na haichoveki tena. Kwa hiyo watoto wakishanawa, wafute mikono mpaka ikauke kabisa, na birika lisichemke karibu. Ikikushinda usitupe: mimina maziwa ya moto juu yake, koroga, mnywe.

Kazi ya watoto ni kuchovya. Wanashika upande uliopinda, wanazamisha ncha iliyonyooka sentimita tano, wanaacha ichuruzike, kisha wanalaza kwenye karatasi ya kuokea. Kabla ya kunyunyizia pipi iliyopondwa subiri kama dakika moja. Ukiwahi, vyote vinateleza chini. Ziache mezani nusu saa, mbali na hita. Friji msiitumie, kwani zikitolewa zinatokwa jasho na pipi inanata.

Wengine hubandika mashimelo ndogo (vile vipipi laini vya kama sifongo) juu ya chokoleti. Waislamu wasome pakiti kwanza: nyingi za madukani Marekani zina jelatini ya nguruwe. Za halali zipo, na maduka ya Wasomali ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia.

Kikombe kinataka mililita 250 za maziwa na kijiko kimoja cha chakula cha kakao. Sukari acha. Bakora moja ina gramu 14 hivi, na karibu zote ni sukari. Mtu mzima akoroge maziwa kwa bakora yakiwa moto, mtoto apewe yakishapoa kiasi. Wa chini ya miaka minne usimpe pipi ngumu, inaweza kumkaba. Chovya kijiko cha kawaida kwenye chokoleti, inatosha.

Na nyumbani je, inawezekana? Arusha, Limuru au Bukavu, bila shida. Pipi yoyote ndefu ya mnanaa inafaa. Dar na Mombasa unyevu wa hewa utaifanya inate baada ya saa chache, kwa hiyo tengenezeni jioni, mahali penye feni, zikiganda ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na zitumike usiku huohuo.