Mashine ya kuosha vyombo: kabla hamjanunua, hesabuni kwanza

Huu ni mwaka wa sita tangu tulete mashine ya kuosha vyombo nyumbani, na ndugu, majirani na wenzangu kazini hawajaacha kuniuliza: je, na sisi tununue? Mara nyingi mtu huuliza akiwa mlangoni anaaga, nami namjibu kwa mkato. Leo nijibu kwa kirefu, maana ni fedha nyingi, na ni kifaa ambacho kikishaingia jikoni hakitoki kirahisi.

Sisi tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu. Tunakula nyumbani karibu milo yote. Kabla ya mashine, ugomvi mkubwa kuliko wote nyumbani kwetu ulikuwa wa zamu ya vyombo. Kila mmoja aliamini yeye ndiye anayeosha zaidi, na mimi pia niliamini hivyo. Siku moja nikachoka kubishana, nikabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Anayeosha aandike jina lake, saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Tukafanya hivyo wiki mbili.

Karatasi ile ilinifunza kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Kwa siku tulikuwa tunatumia dakika 80 hivi kwenye sinki. Lakini kilichoniuma si dakika, ni majina. Zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa ya watu wawili tu, mimi na binti yangu mkubwa, ambaye mwaka ule alikuwa anajiandaa na mitihani. Mdogo wake wa kiume alitokea mara tatu. Baba yao mara nne. Hakuna aliyekuwa amedanganya wala kukwepa kwa makusudi, ila ndivyo mambo yalivyozoeleka. Nilimwonyesha mume wangu karatasi, akaisoma mara mbili, akanyamaza. Ndipo tulipoanza kuzungumza juu ya mashine kwa uzito.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: bandikeni karatasi kabla ya kwenda dukani. Kama mko wawili au watatu na kazi yote haifiki nusu saa kwa siku, wekeni fedha zenu kwenye jambo lingine. Mashine ndogo mtaijaza kwa siku mbili, na vyombo vyenye mabaki vitakuwa vinakaa humo vikinuka. Kama mko watano na kuendelea na mnapika kila siku, endeleeni kusoma.

Jambo ambalo watu wengi wanalikosea ni maji. Wanadhani mashine inakula maji kwa sababu wanaisikia ikichuruzika saa mbili, tatu. Kumbe inachota lita chache tu, zinakaa sakafuni mwake, inazipasha moto, halafu pampu inazirusha kupitia mikono inayozunguka, maji yanaanguka, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Ni yale yale. Kisha inayamwaga na kuchota mengine kidogo ya kusuuza. Mashine za sasa za ukubwa wa kawaida, zile za upana wa sentimita 60, humaliza programu nzima kwa lita 10 hadi 15. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, waliwahi kuwapa watu wa nchi mbalimbali za Ulaya vyombo vya watu 12 waoshe kwa mikono, na wastani ulipita lita 100. Bomba likiachwa wazi, maji hayana huruma.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba anayeosha kwa mabeseni mawili, moja la maji ya moto yenye sabuni na jingine la maji baridi ya kusuuzia, anachangia gesi chache zaidi za kuongeza joto duniani kuliko hata mashine. Mama mkwe wangu ameosha hivyo maisha yake yote. Nilipopima kwa ndoo, vyombo vya mlo mmoja alivimaliza kwa lita 20 hivi. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu mnatumia mabeseni na hamwachi bomba likimwaga, msinunue mashine kwa ajili ya kubana maji. Nunueni kwa ajili ya muda na kwa ajili ya mgongo wa anayesimama pale.

Umeme nao. Gharama yake karibu yote iko kwenye kupasha maji. Wakati wa kupasha, mashine inavuta kama kilowati 2, lakini si muda wote, na programu nzima huishia kwenye uniti moja au pungufu. Ile programu ya kubana matumizi inachukua saa tatu au zaidi, na watu wanaikimbia wakidhani urefu ndio gharama. Ni kinyume chake. Inatumia joto la chini na kufidia kwa kulowesha muda mrefu. Sisi tunaiwasha tukienda kulala. Kama umeme wenu unakatika katika, muulizeni muuzaji: ukirudi, mashine inaendelea pale ilipoishia au inaanza upya? Yetu inaendelea. Si zote.

Sasa nije kwenye bomba, mahali ambapo sisi tuliumia. Mashine za aina hii zimekuwa na shida ya mabomba tangu enzi za mwanzo wake. Josephine Cochrane, mwanamke wa Shelbyville, Illinois, ndiye aliyepata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1886 kwa mashine iliyosafisha kwa nguvu ya maji badala ya brashi, na mwaka 1893 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa hoteli na migahawa. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kuitosha. Zaidi ya miaka mia imepita na swali la kwanza bado ni lile lile: maji yenu yanafikaje jikoni?

Mashine nyingi zinahitaji msukumo wa maji usiopungua nusu ba (ba ni kipimo cha msukumo). Kila mita 10 za kimo cha tangi zinatoa takriban ba moja, kwa hiyo tangi linapaswa kuwa juu ya mashine kwa mita 5 hivi. Tangi letu liko juu ya dari tu, si hata mita 3. Aliyekuja kutufungia hakuuliza. Aliunganisha, akawasha, taa zikawaka, akaondoka. Usiku wa kwanza mashine ilichota maji dakika kadhaa, ikakata tamaa, ikaanza kulia. Tulidhani ni mbovu. Ilichukua siku kumi na fundi wa pili kugundua kwamba kinachotakiwa ni pampu ndogo.

Na hakuishia hapo yule wa kwanza. Mpira wa maji machafu aliulaza chini hadi kwenye bomba la sinki. Kila tulipomwaga maji kwenye sinki, mengine yalirudi ndani ya mashine. Asubuhi unafungua mlango unakuta dimbwi la maji ya kijivu chini ya sahani safi, na harufu. Dawa yake haigharimu kitu: mpira unapandishwa juu hadi karibu na meza ya sinki, unafungwa pale kwa kibanio, ndipo unashuka kwenye bomba. Fundi akimaliza kazi, inama uangalie. Kama mpira haujapanda, usimlipe mpaka aupandishe.

Baada ya bomba, fungua kabati lako. Tazama sufuria zako ni za nini. Mama mkwe ana sufuria ya alumini aliyopewa alipoolewa, ameisugua miaka yote hiyo hadi unajiona sura. Wiki ya pili, kwa nia njema kabisa, niliiingiza kwenye mashine. Nilipofungua mlango mvuke ulinipiga usoni, halafu nikaiona: kijivu, inaelekea weusi, na nilipopitisha kidole ndani kilitoka na masizi. Sabuni ya mashine ni kali sana, ina magadi ya nguvu kuliko sabuni ya mkono, na inaula ule utando mwembamba unaoilinda alumini. Nilisimama nayo mkononi nisijue nimwambie nini. Yeye aliitazama tu, akaichukua. “Mwanangu, hii niachie mimi.” Aliisugua siku mbili kwa ndimu na majivu. Ilirudi, ingawa si kama zamani.

Tangu hapo sheria yetu inajulikana. Alumini, chuma cha kusubu, mbao, visu vya kukatia, chupa za kutunzia joto na sahani zenye mstari wa dhahabu haviingii. Vikaango visivyoshika chakula tunaosha kwa mkono pia, kwa sababu utando wake unachakaa upesi. Kwa hiyo hata ukinunua, sinki halifungwi. Kwetu mashine imechukua theluthi mbili ya kazi hivi: sahani, vikombe, bilauri, vijiko, mabakuli na sufuria za chuma cha pua. Kama kabati lako lote ni alumini na mbao, sikushauri ununue.

Kupanga vyombo kunahitaji kujifunza, na watoto wanajifunza upesi kuliko sisi. Kwanza, acheni kuvisuuza kabla ya kuviingiza. Kwanguni mabaki tu. Sabuni nyingi za mashine zina vimeng'enya, vingine vinavunja protini na vingine wanga, na havina kazi kwenye sahani iliyokwisha kuoshwa. Unakuwa umemwaga maji mara mbili. Mabakuli yaangalie chini na katikati. Vijiko visikumbatiane, visu vya mezani na uma ncha zielekee chini ili mtu asichomwe akiinama. Mwisho, kabla ya kufunga mlango, zungusha mkono wa maji kwa kidole. Ukigonga mpini wa mwiko, programu nzima itakuwa bure.

Sabuni ya kawaida ya sinki isiingie humo hata tone. Kijana wetu aliijaza siku vidonge vya sabuni ya mashine vilipoisha, na povu likatambaa kutoka chini ya mlango hadi mezani. Na hivyo vidonge vyenyewe, tafadhali, vikae juu kabisa. Vina rangi nzuri kama peremende, na vinaunguza mdomo na koo la mtoto. Kwenye jambo hili sina utani. Vyetu tumeviweka kwenye kabati lenye kufuli.

Kama maji yenu ni magumu, yale yanayoacha ukoga mweupe kwenye birika, mtahitaji pia chumvi maalumu inayowekwa kwenye tundu lake chini ya mashine. Chumvi hiyo haigusi vyombo, inahuisha sehemu inayolainisha maji. Chumvi ya mezani isitumike. Na chujio la chini litolewe kila wiki lioshwe kwa brashi. Ni dakika mbili. Mashine nyingi zinazosemwa zinanuka au hazing'arishi zina chujio ambalo halijatolewa tangu siku ya kwanza.

Ila hayo yote ni ya kifaa, na kifaa kinarekebishika. Kilichonishangaza ni kwamba miezi miwili ya mwanzo nilikuwa bado nafanya kazi ile ile. Mimi ndiye niliyepanga, niliyewasha, niliyetoa. Vyombo safi vikibaki ndani, vichafu vinaanza kupangana kwenye sinki, na jioni unakuta mlima ule ule wa zamani na mashine imejaa. Watu wa nyumbani kwangu waliona kazi imeisha kwa sababu mashine ipo. Ikabidi tukae. Tukakubaliana kwamba anayeamka wa kwanza anatoa vyombo vyote kabla ya chai, dakika saba tu, na kila mtu anaingiza sahani yake mwenyewe akimaliza kula, haiachwi sinki. Baba yao ndiye anayeamka wa kwanza. Hakulalamika, na sasa anajua kila kikombe kinakaa wapi, jambo ambalo miaka kumi na tano ya ndoa ilikuwa haijamfundisha.

Baada ya nusu mwaka nikabandika karatasi tena. Dakika 35 kwa siku, pamoja na sufuria za mkono. Majina yalikuwa yote sita. Jina la binti yangu lilikuwa limeandikwa mara tano katika wiki mbili.

Kwa wale mliopanga na mwenye nyumba haruhusu kugusa mabomba, zipo mashine ndogo za kuweka juu ya meza ambazo baadhi yake zina tangi unalojaza kwa jagi, lita 5 hivi kwa mzunguko, na mpira wa kumwagia unauelekeza kwenye sinki au ndoo. Zinabeba vyombo vya mlo mmoja wa watu wachache, sufuria kubwa haziingii. Kabla ya kulipa, chukua sahani yako kubwa kuliko zote uende nayo dukani, uijaribu ndani huku mlango ukifungwa.